Wametaka damu na mate ya ukoo mzima kwa utafiti wa ubongo wa watoto. Tutoe?

Mama Swafwan (Lamu)
Assalam aleikum. Nina kijana wa miaka sita. Hasemi ila "mama" na "mai", hatulii mahali, akifurahi hupepesa mikono, ukimwita hugeuka akipenda. Kliniki moja walisema usonji, nyingine wakasema ubongo umechelewa kukua, mambo yakaishia hapo. Dada yangu yuko Malindi, na mwanawe wa kwanza ni hivyo hivyo.

Sasa wamekuja watu wa utafiti wa jeni za watoto wa namna hii. Wanataka damu ya mtoto, yangu na ya babake, na wangependa na mate ya dada na ya wazee. Hawalipi, hutoa nauli na chai. Mume wangu, ambaye ni bin ami yangu, amekataa katakata. Babangu amekubali, ila mikono yamtetemeka hata kikombe hashiki, sijui watamtoaje damu. Mkwe wangu asema damu ya ukoo haitoki nje ya mlango.

Nauliza: anayesaidia utafiti kama huu apata nini, na apoteza nini? Aliyewahi kutoa na aseme. Wasiojua wasome tu.

Kofia ya Vito
Waaleikum salaam. Hilo la mwisho hakuna atakayelifuata humu. Jibu umelileta pamoja na swali: bin ami. Mitaa yetu imejaa mabinamu waliooana na mabinamu, halafu tunatafuta maabara ituambie nini?

Muuguzi Malindi
Kofia, polepole. Uchunguzi mkubwa wa watoto wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba mabinamu wa kwanza wakioana, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro hupanda kutoka kama 3 kwa 100 hadi kama 6 kwa 100. Hatari ni maradufu, kweli. Lakini pia 94 kati ya 100 huzaliwa bila kasoro hizo. Watu huchukua nusu ya habari wakaenda nayo barazani.

Kinachotokea ni kwamba mabinamu wa kwanza hushirikiana kama sehemu moja kwa nane ya jeni zao. Jeni mbovu aliyokuwa nayo babu bila kujua yaweza kumfikia mjukuu kwa baba na kwa mama, zikakutana mbili. Ikifika moja tu, kwa magonjwa ya aina hiyo mtoto hana neno.

Mama Swafwan, dadako kaolewa na nani?

Mama Swafwan (Lamu)
Kaolewa na Mtaita, walikutana Mombasa kazini. Hana undugu nasi hata wa mbali.

Muuguzi Malindi
Basi nadharia ya bin ami ina tundu. Watoto wawili wanafanana, baba tofauti, na mmoja wa hao baba si wa ukoo. Sisemi imekufa.

Kofia ya Vito
Lawama zihamie Wundanyi, kwa Wataita.

Nahodha Mstaafu (Kizingitini)
Wanangu, mimi si daktari, lakini yeo nataka kunena. Sisi tulikua tukiambiwa ni nyuni. Mtoto akishikwa na degedege, akapinda mgongo na kugeuza macho, husemwa kapitiwa na nyuni, afukizwe, avishwe hirizi, wala asichomwe sindano atakufa. Mjukuu wangu kafukizwa usiku kucha na mwili wawaka moto. Ilikuwa malaria imepanda kitwani. Kapona, lakini hakurudi yule yule, hata kuhesabu samaki wa fungu moja hadi yeo humshinda. Hapo pana mbu, hapana jeni. Kwa hivyo, dada, kabla ya kutoa damu kumbuka kwanza kijana alishikwa na nini akiwa mchanga.

Mtu wa Maabara
Nahodha ana hoja. Kilifi wamechunguza malaria ya ubongo kwa miaka mingi, tangu kituo cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (mfuko wa utafiti wa Uingereza) kianze 1989, na wameonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona hubaki na kifafa, au taabu ya kusema na kujifunza. Kwa hiyo si kila ubongo uliochelewa ni habari ya jeni.

Ila kuna jambo naona linachanganywa tangu posti ya Kofia. Ugonjwa wa jeni si lazima uwe wa kurithi. Chukua ugonjwa wa Down. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake Paris walichapisha kwamba watoto hao wana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 21 tatu badala ya mbili. Mara nyingi kosa hutokea yai linapotengenezwa, ukoo hauna lake. Mama wa miaka 20 ana uwezekano wa kama 1 kwa 1,500, wa miaka 40 kama 1 kwa 100. Au ugonjwa wa Rett, unaowapata hasa wasichana: mtoto huanza vizuri, kisha hupoteza maneno na kazi ya mikono, akawa anaisugua tu. Jeni yake, MECP2, iligunduliwa 1999 katika maabara ya Huda Zoghbi, mzaliwa wa Beirut anayefanya kazi Texas. Takriban kila mara badiliko hilo ni jipya, wazazi wote wawili hawana.

Na mabadiliko mapya ya herufi moja moja, maana jeni ni kama maandishi, huongezeka kadiri umri wa baba unavyopanda.

Bint Shela
Rudia hapo mwisho kwa herufi kubwa, wasome wazee wa kiume. Mtu ana mvi mpaka masikioni aoa kigoli, na mtoto akizaliwa na shida mke ndiye huulizwa alikula nini.

Kofia ya Vito
Mimi nina mvi za kurithi.

Bint Shela
Tuache mzaha kidogo. Swali la mleta uzi ni apata nini. Nitasema mimi: mtoto wake hatapata kitu. Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Nahitaji mtu wa tiba ya viungo, kiti cha kumfaa, na mashua ya kwenda Mokowe ambayo haitaki nimshike mtoto mapajani huku maji yaturukia. Watafiti wawili wamewahi kunihoji, maswali mpaka ya choo chetu kina mlango gani, wakaondoka na karatasi zao. Matokeo hadi leo sijasikia. Hela za kusafirisha damu ng'ambo zingelipa mtu wa fizio akae kisiwani mwaka mzima.

Na hata dawa ikipatikana, ni ya nani? Ya huo ugonjwa wa Rett ilikubaliwa Marekani mwaka 2023, trofinetide, na bei yake kwa mwaka huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Uza kisiwa.

Mtu wa Maabara
Dada Bint Shela, la matokeo kutorudi uko sawa na ni aibu yetu. La kwamba hakuna faida sikubali lote. Kuna ugonjwa uitwao fenilketonuria, jeni moja, unaharibu ubongo wa mtoto taratibu kwa sababu mwili haumudu sehemu moja ya protini. Robert Guthrie akatoa kipimo cha tone la damu la kisigino, kikaanza kusambaa miaka ya 1960. Mtoto akijulikana mapema hupewa chakula maalumu, na akili yake hukua. Hakuna sindano ya mamilioni hapo, ni chakula. Bila watu kukubali kuchunguzwa nani angejua?

Pia soma hili. Hesabu iliyochapishwa 2019 ilionyesha kwamba katika tafiti za kulinganisha jeni za watu wengi na magonjwa, kama asilimia 78 ya waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, asilimia 2 tu Afrika. Sasa mtoto wa Faza akipimwa, maabara inaona herufi moja imebadilika. Je, hiyo ndiyo imemdhuru, au nusu ya watu wa Pate wanayo na wanavua kamba bila shida? Hakuna wa kumlinganisha naye, wanaandika "maana haijulikani", na mama arudi nyumbani na karatasi hiyo. Ndiyo sababu kuna miradi kama NeuroDev, ya Kilifi na Cape Town pamoja na Taasisi ya Broad ya Marekani, inayochukua watoto wenye shida na wasio na shida wa hapa hapa.

Bint Shela
Wachukue. Na warudishe. Ndiyo sharti langu.

Mahamri na Mbaazi
Mimi nauliza tofauti. Hao watoto wawili walipozaliwa walikuwa na manjano? Na nguo zao za kichanga zilitoka wapi?

Mama Swafwan (Lamu)
Wangu macho yalikuwa kama bizari, akawekwa chini ya taa ya buluu. Wa dada hakumbuki vizuri, asema alikuwa wa manjano "kidogo". Nguo ni zile za mamangu, hutunzwa kashani, huja kwa kila mjukuu.

Mahamri na Mbaazi
Kasha lina nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo?

Mama Swafwan (Lamu)
Kasha gani halina?

Muuguzi Malindi
Mahamri, hapo umegusa jambo na nataka wote wasome. Pwani yetu kuna watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Ni jeni, na imeenea huku kwa sababu humkinga mtu kiasi na malaria, kama ilivyo jeni ya selimundu. Mwenye nayo aishi miaka yote bila kujua. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo zenye nafthalini, chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, manjano hupanda ghafla, na yakipita kiasi huingia ubongoni. Hubaki na misuli isiyotii, na mara nyingi masikio hufa.

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja tu, kwa hiyo mama huibeba na wavulana ndio huumia zaidi. Dada wawili, wavulana wawili, kasha moja. Inaingia vizuri mno.

Mama Swafwan, kijana amepimwa kusikia? Si kumpigia makofi nyuma ya kitwa, kupimwa kwa mashine.

Mama Swafwan (Lamu)
Hajapimwa. Hugeuka akisikia karatasi ya biskuti, nikajua asikia.

Muuguzi Malindi
Mtoto aweza kusikia karatasi ya biskuti na asisikie maneno. Hilo usingoje utafiti wowote. Mtoto asiyesema, jambo la kwanza ni masikio.

Mdau Ilala
Wakuu, napita tu kutoka Dar. Kwetu bibi alikuwa anasema ni kukosa chumvi yenye madini. Vipi hilo?

Mahamri na Mbaazi
Bibi yako hakukosea. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto huathirika tumboni. Ndiyo maana sheria hapa Kenya inataka chumvi ya dukani itiwe iodini. Ile ya kukwangua mwenyewe kwenye madimbwi, hata kama ni ya bahari, iodini yake ni kiduchu. Nina shangazi Gongoni asiyekula nyingine ila hiyo, asema ya paketi haina ladha.

Nahodha Mstaafu (Kizingitini)
Haina kweli.

Mtu wa Maabara
Nirudi kwa mleta uzi, kuna kitu kilinipita mara ya kwanza. Umesema babako mikono yamtetemeka. Ni baba mzazi wako na wa dadako, mama mmoja? Tangu lini? Na akitembea yuko sawa?

Mama Swafwan (Lamu)
Ndiyo, baba mmoja mama mmoja. Ilianza amepita sitini. Akitembea huyumba, nasi tukasema ni miguu ya baharini, maana alikuwa kwenye jahazi tangu utoto.

Kofia ya Vito
Au ni kahawa chungu ya barazani. Nusu ya wazee wa forodhani watetemeka.

Mtu wa Maabara
Yaweza kuwa kahawa, yaweza kuwa Parkinson, yaweza kuwa uzee. Lakini sikiliza. Kuna ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), miongoni mwa sababu kubwa za kurithi za ubongo kuchelewa kwa wavulana. Jeni yake, FMR1, iliyo kwenye kromosomu ya X hiyo hiyo, iligunduliwa 1991. Ndani yake kuna herufi tatu, CGG, zinazojirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Watu wengi wana marudio chini ya 45. Yakiwa kati ya 55 na 200 mtu huonekana mzima. Yakipita 200 jeni hunyamaza, na mvulana hupata shida ya kusema, kutotulia, kupepesa mikono, kukwepa macho.

Sasa babu mwenye marudio ya kati kati huwapa binti zake wote, kwa sababu ana X moja tu ya kutoa. Marudio yakipita kwa mama kwenda kwa mtoto yaweza kuongezeka yakavuka 200. Na babu mwenyewe akizeeka aweza kupata mtetemeko wa mikono na kuyumba, jambo ambalo madaktari waliliandika kwa mara ya kwanza 2001 tu. Wanawake wabebaji nao baadhi hukoma hedhi mapema, kabla ya miaka 40. Hilo sikuulizi hapa.

Muuguzi Malindi
Subhanallah. Hiyo nayo inapita kwa mama.

Mtu wa Maabara
Ndiyo taabu. G6PD na X dhaifu, zote mbili zinapita kwa mama, zote mbili zinapenda wavulana, na zaweza kukaa pamoja kwa mtoto mmoja.

La muhimu: vipimo vingi vya kusoma jeni nyingi kwa pamoja havihesabu marudio hayo. Kipimo chake ni cha peke yake. Waulize hao watafiti, kwa maneno haya haya: mtapima marudio ya CGG kwenye FMR1? Wakisema hapana, kutoa damu kwaweza kusaidia sayansi na kusikujibu wewe.

Kofia ya Vito
Mimi bado niko na bin ami. Hata hizo zenu zote ni za kukisia.

Muuguzi Malindi
Na yako?

Karani wa Sheria
Naona mnajadili ugonjwa, hakuna aliyegusa karatasi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti. Kwa mtoto lazima mzazi aridhie. Mwombe fomu ya ridhaa ya Kiswahili uende nayo nyumbani, usiisaini mlangoni. Tafuta humo: kamati gani ya maadili imepitisha, wana leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoruhusu tafiti), damu itahifadhiwa wapi na miaka mingapi, itatoka nchini, itatumika kwa utafiti mwingine, ukijitoa itaharibiwa, na je, wakikuta jambo la kutibika watakuambia?

Na Lamu ni ndogo. Wakiandika tu "mvulana wa miaka sita, mtaa fulani, binamu yake Malindi", hawakutaja jina lakini wametaja. Kuna mabinti katika huo ukoo hawajaolewa. Hilo ndilo mkwe wako anaogopa, ingawa amelisema kwa njia yake.

Mdau Ilala
Wakuu, na lile ambalo hamlisemi? Ukipima damu ya baba, mama na mtoto kwa pamoja, unaweza kukuta baba siye baba. Labda ndiyo maana jamaa amekataa.

Kofia ya Vito
Wa Dar wana maneno.

Mtu wa Maabara
Ni swali halali na hutokea. Kwa kawaida utafiti hauwaambii watu habari hiyo, na fomu inafaa iseme wazi hivyo. Mama Swafwan, usichukulie vibaya, kila familia inafaa kuliuliza kabla.

Mama Swafwan (Lamu)
Sijachukulia vibaya. Mwanangu ni babake mtupu, hata kukoroma. Mdau, ukija Lamu utapanda punda bila tandiko.

Ustadhi wa Langoni
Niongeze kidogo. Dini imeruhusu binamu kuoana, haikulazimisha. Kutafuta tiba hakupingani na tawakkul, na kombe la zafarani halimzuii mtu kwenda kupima masikio. Kuhusu mume, asilazimishwe. Aelezwe na mwanamume mwenzake anayemheshimu.

Mama Swafwan (Lamu)
Mrejesho mfupi. Jazakumullahu kheir kwa wote. Nimemsomea mume posti za Karani na Ustadhi. Fomu wameleta, ya Kiswahili, kurasa nyingi. Marudio ya CGG wamesema watauliza wakubwa wao. Babangu ameshasema atatoa mate, damu hapana. Dada ampeleka wake kupimwa kusikia kesho kutwa, wangu anangoja nafasi. Mume bado asema la. Je, bila yeye kuna maana yoyote?

Mtu wa Maabara
Ipo. Kwa kipimo cha X dhaifu wanahitaji mtoto, wewe na babako. G6PD pia ni mtoto na wewe. Lakini kama ni badiliko jipya, bila baba hawawezi kusema ni jipya au limetoka kwake. Na kama ni zile jeni mbovu mbili za hoja ya Kofia ya bin ami, ya pili itabaki bila mwenyewe.

Kofia ya Vito
Kwa hiyo hoja yangu yangoja mate ya mume. Nitakwenda kumsemesha mimi, tulisoma chuo kimoja.

Bint Shela
Ukienda muulize na nani atamrudishia mkewe matokeo.

Nahodha Mstaafu (Kizingitini)
Na mimi nimeambiwa hao watu watafika Kizingitini, wataka wazee pia. Mimi hutafuna tambuu, mate yangu ni mekundu. Watayakubali?

Mtu wa Maabara
Watayakubali, ami, ila usuuze kinywa kwanza, na nusu saa kabla usile, usinywe, wala usitafune kitu.

Nahodha Mstaafu (Kizingitini)
Nusu saa bila tambuu? Basi wachukue damu.